Karatasi za Mbunge Creech Jones na Habari za Nchi ya Kusini

Huenda msomaji wa kijitabu hiki, awe mkulima wa Kikole au mtumishi wa Chama Kikuu, atashangaa kuona kwamba katika kuadhimisha miaka 10 ya ushirika wetu tumeacha kurasa kadhaa kwa habari za Mzungu mmoja aliyekufa mwaka 1964, ambaye hakuwa mkulima wala hakukaa kwetu. Tunaomba asifunge kitabu. Mtu huyo alikuwa mbunge katika nchi ya Uingereza kwa muda wa miaka ipatayo 25. Kwa zaidi ya miaka 3 alikuwa Waziri wa Makoloni, na nchi yetu ya Tanganyika ilikuwa chini ya wizara yake. Na katika wakati huo wa uwaziri wake ndipo ulipoanza mradi mkubwa kuliko yote iliyopata kuletwa katika Jimbo la Kusini, yaani kilimo cha karanga cha Nachingwea. Alipokufa aliacha karatasi nyingi, na karatasi hizo zimehifadhiwa. Habari za karatasi hizo ndizo tutakazoeleza hapa, kwa sababu zinamgusa kila mwanachama ambaye amepata kutia saini au dole gumba katika daftari la chama.

Jina lake lilikuwa Arthur Creech Jones. Alizaliwa katika mji wa Bristol mwaka 1891, katika nyumba ya watu wa kazi za mikono, akaacha shule akiwa na umri wa miaka 13 ili aanze kutafuta riziki. Alifanya kazi ya ukarani. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, naye akaitwa kuwa askari, alikataa kwa sababu ya imani yake kwamba kuua watu ni kosa, akafungwa gerezani tangu mwaka 1916 hadi 1919. Nasi twaweza kukumbuka kwamba katika mwezi wa Septemba 1916, wakati yeye alipokuwa mfungwa kwa kukataa vita, majeshi ya Waingereza yalishuka Kilwa, na wazee wetu wakatiwa mizigo kichwani kuyafuata majeshi barani; na mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, watu wengi mno wakafa katika mapigano ya Mahiwa, nyuma ya Lindi. Wazee wale hawakuulizwa kama wanaiamini vita au hawaiamini.

Alipotoka gerezani aliajiriwa na chama cha wafanyakazi, akawa katibu wa tawi la makarani katika chama kikubwa cha wafanyakazi wa uchukuzi. Huko ndiko alikojifunza kazi iliyomfaa maisha yake yote, yaani kupokea barua, kuijibu, na kuitunza. Katika miaka ya 1920 barua zilianza kumjia kutoka Afrika. Aliandikiana na Clements Kadalie, mzaliwa wa Nyasaland, jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa, aliyeanzisha chama cha wafanyakazi Waafrika huko Afrika ya Kusini mwaka 1919. Creech Jones alimpa mashauri juu ya namna ya kuendesha chama, kuweka hesabu na kuandika mihtasari. Mambo hayo si mageni kwa halmashauri yoyote ya ushirika.

Mwaka 1935 alichaguliwa kuwa mbunge wa Shipley, katika chama cha Labour. Bungeni alijulikana upesi kwa jambo moja: maswali yake juu ya makoloni hayakuisha. Aliuliza juu ya mishahara, juu ya ardhi, juu ya viboko, juu ya kodi ya kichwa. Wenzake walimtania kwa kumwita mjumbe asiye rasmi wa Wakikuyu. Watu wa pwani ya Kusini hawakuwa na mtu wa kutaniwa kwa jina lao, na neno hilo tutalirudia.

Sasa inafaa tueleze jinsi maswali yale yalivyofanya kazi, kwa kuwa hapa ndipo thamani ya karatasi inapoonekana. Mwaka 1940 Creech Jones, pamoja na mama mmoja aitwaye Rita Hinden, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, walianzisha ofisi ndogo mjini London iliyoitwa Fabian Colonial Bureau. Ofisi hiyo ilipokea barua kutoka kila koloni. Mwalimu, karani, au katibu wa chama cha wakulima aliandika shida yake katika ukurasa mmoja au miwili, akatia stempu, akaipeleka posta. Barua ikifika London, ilisomwa, ikafananishwa na barua nyingine, kisha ikageuzwa kuwa swali la Bunge. Mbunge akisimama na kuliuliza, Waziri hakuwa na ruhusa ya kunyamaza. Hapo Waziri alimwandikia Gavana. Gavana akamwuliza Bwana P.C.; Bwana P.C. akamwuliza Bwana D.C.; na Bwana D.C. akalazimika kuketi mezani kwake, pengine katika boma lile lile ambalo mwenye barua alifukuzwa mlangoni, aandike maelezo kamili ya jambo lile. Barua ya mtu mmoja mnyonge ilizunguka bahari mbili ikarudi mlangoni kwake imevaa kofia ya Serikali.

Kazi hiyo isingewezekana kama karatasi zingetupwa. Jibu la Waziri la mwaka huu hupimwa kwa jibu lake la mwaka jana, na asiyetunza la mwaka jana hana kipimo. Kwa hiyo Creech Jones alitunza: barua alizopokea, nakala za barua alizopeleka, hotuba alizoandika kwa mkono, ripoti, na vipande vya magazeti. Ofisi yake nayo ilitunza zake. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi huko Edinburgh tangu mwaka 1949 hadi 1952, alikuwa na mawasiliano na ofisi hiyo.

Kwa upande wa ushirika pia ofisi ile ilifanya jambo la maana. Mwaka 1945 ilitoa kitabu kilichoeleza hali ya vyama vya ushirika katika makoloni na kutaka Serikali ivisaidie. Huku kwetu Sheria ya Vyama vya Ushirika ilikuwapo tangu mwaka 1932, na chama cha wakulima wa kahawa cha Kilimanjaro kiliandikishwa mwaka 1933. Hata katika Jimbo letu la Kusini, wakulima wa tumbaku wa Songea walikuwa na umoja wao wa Ngoni-Matengo tangu miaka ile ile ya 1930. Lakini mkulima wa pwani ya Kilwa na Lindi aliendelea kuuza ufuta wake na korosho zake kwa mwenye duka, kwa mizani ya mwenye duka, na mara nyingi kulipa deni la mwaka uliopita kabla ya kuiona shilingi ya mwaka ule. Kitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, ingawa wao hawakupata kukiona.

Mwaka 1945 chama cha Labour kilishinda uchaguzi, na Creech Jones akaingia katika Wizara ya Makoloni, kwanza akiwa naibu, kisha mwezi wa Oktoba 1946 akawa Waziri kamili. Muulizaji wa maswali sasa alikaa katika kiti cha kujibu. Hapa ndipo hadithi yetu inapokuwa ngumu, na haitakuwa haki kuipitia mbio.

Uingereza ilikuwa imetoka vitani na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwanzoni mwa mwaka 1946 mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa, Bwana Frank Samuel, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Serikali ikapeleka ujumbe wa watu watatu wakiongozwa na Bwana John Wakefield, aliyekuwa zamani Mkurugenzi wa Kilimo hapa nchini. Walikaa muda wa majuma 9 hivi, wakatazama sehemu kubwa ya nchi kutoka angani, wakaandika ripoti. Ripoti ilisema kwamba eka 3,210,000 zaweza kulimwa, katika mashamba 107 ya eka 30,000 kila moja. Mashamba 80 yawe Tanganyika, na mengine yawe Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Sehemu kubwa kuliko zote iliwekwa Jimbo la Kusini, ambalo makao yake wakati huo yalikuwa Lindi. Gharama ilikisiwa kuwa pauni milioni 24.

Nani wa Kusini aliyeulizwa? Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na kwa miaka 19 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 waliingizwa wawili wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha. Wote wawili walikuwa watu wenye heshima, na wote wawili walitoka nchi za mbali nasi, mmoja Kilimanjaro, mwingine Usukumani. Wote wawili waliteuliwa na Gavana, hawakuchaguliwa na watu. Mazungumzo yalikuwa kwa Kiingereza. Wakati ujumbe wa Bwana Wakefield ulipopima nchi yetu kutoka angani, hapakuwa na Mwafrika wa Kilwa, wala wa Lindi, wala wa Nachingwea, aliyekaa katika kiti chochote kilichoweza kusema ndiyo au hapana.

Basi tazama tarehe. Mwezi wa Februari 1947, Serikali ya Uingereza ilichapisha mpango wa karanga na kuuweka mbele ya Bunge. Mwezi huo huo, tarehe 25, Waziri Creech Jones alipeleka kwa magavana wa Afrika waraka uliokuja kuwa mashuhuri sana, akiwaambia kwamba utawala wa mahali uwe wa watu wenyewe, wenye kuchaguliwa na wenye kufanya kazi vizuri, ili Waafrika wajifunze kuendesha mambo yao kutoka chini kwenda juu. Hati mbili za mwezi mmoja, za Serikali moja. Moja ilisema mwananchi wa kijijini asikilizwe. Nyingine iliamua habari za mamilioni ya eka za mwananchi huyo bila kumsikiliza. Ni kweli kwamba mradi wa karanga ulikuwa chini ya Wizara ya Chakula ya Bwana John Strachey, wala hakuuanzisha Creech Jones. Lakini nchi ilikuwa ya wizara yake, naye aliukubali. Mimi kwa maoni yangu siwezi kumhukumu kuwa mnafiki. Naona alikuwa mtu mwema aliyezoea kusikiliza barua, na mara hii hapakuwa na barua. Waliokuwa na habari ya mvua ya Nachingwea, na udongo wake, na mizizi ya misitu yake, hawakuwa na chama, wala karani, wala anwani ya London.

Yaliyofuata wazee wengi waliyaona kwa macho. Yalikuja matrekta mengi yaliyotumika vitani, mengine yamechoka kabla ya kufika. Kongwa ilianzwa kwanza kwa kuwa ilikuwa karibu na reli. Kusini hapakuwa na reli wala bandari ya kutosha, kwa hiyo ilibidi vijengwe vyote. Reli ililazwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, kuelekea Nachingwea, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya maji marefu huko Mtwara. Vijana wa Kilwa, Liwale na Lindi walikwenda kutafuta kazi za kufyeka na kutandaza reli, na mshahara wao uliingiza fedha katika nyumba ambazo hazikuizoea fedha. Hilo nalo lisemwe, maana si kila lililoletwa na karanga lilikuwa hasara. Lakini karanga zenyewe hazikupatikana. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango ule umekwisha, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Reli ya Kusini, iliyojengwa kubeba karanga, ilifungwa mwaka 1962. Mashamba ya Nachingwea yalitumika baadaye kwa mambo ambayo Bwana Strachey hakuyaota. Mojawapo ya maeneo yake, lililojulikana kwa Kiingereza kuwa Shamba Namba 17, lilikuwa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji.

Creech Jones hakuwa Waziri tena wakati hesabu ile ilipofungwa. Katika uchaguzi wa Februari 1950 alishindwa kule Shipley kwa kura chache mno. Mwaka 1954 alirudi Bungeni kwa kiti cha Wakefield (jina la mji huo limelingana tu na la yule bwana wa ripoti), akakaa humo mpaka mwaka 1964, mwaka aliokufa. Kwa hiyo aliona kwa macho yake uhuru wa Tanganyika wa tarehe 9 Desemba 1961, akiwa mbunge wa kawaida, mzee wa miaka 70.

Tumeeleza maisha yake ili msomaji aelewe karatasi zake ni za namna gani. Waziri akitoka ofisini, majalada ya Serikali hubaki ofisini. Hayo ya Wizara ya Makoloni yamehifadhiwa huko Kew, London. Hotuba alizotoa Bungeni zimechapwa katika kumbukumbu rasmi ziitwazo Hansard, kila mtu aweza kuzisoma. Lakini kuna fungu la tatu, nalo ni karatasi za mtu mwenyewe: barua ya rafiki anayemwonya, barua ya mtu asiyemjua anayemlilia, rasimu ya hotuba yenye maneno yaliyokatwa. Jalada la Serikali huonyesha lililoamriwa. Hansard huonyesha lililosemwa hadharani. Karatasi za mtu huonyesha aliyemwandikia, na lini, na kama alijibiwa. Fungu hili la tatu lilipelekwa katika maktaba ya Rhodes House katika Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na karatasi za ile ofisi ya Fabian Colonial Bureau, zikapangwa na kutiwa namba. Mwaka 2014 makusanyo ya Rhodes House yalihamishiwa katika jengo la Weston, la maktaba ya Bodleian, katika mji huo huo. Mwanafunzi wa historia akitaka masanduku hayo huandikishwa jina lake, huombwa asiingie na wino, na huletewa sanduku moja moja mezani.

Basi barua ambayo karani wa chama fulani cha Tanganyika aliiandika kwa mwanga wa taa ya mafuta mwaka 1947 au 1948, akaitia stempu kwa senti zake, imelala leo Oxford katika joto na baridi iliyopimwa, haina mchwa wala mvua. Nakala aliyobaki nayo yeye, kama alikuwa nayo, pengine imekwisha kuwa majivu. Mjukuu wake akitaka kuisoma barua ya babu yake atahitaji pasipoti na visa.

Jambo hili si la Creech Jones peke yake. Marion, Lady Chesham, mama aliyezaliwa Marekani, alichaguliwa mwaka 1958 kuingia Baraza la Kutunga Sheria kwa Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini, akiungwa mkono na TANU. Ulikuwa uchaguzi ule wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Alibaki nchini baada ya Uhuru, akaendelea na kazi za Bunge na za maendeleo ya vijijini, akafa mwaka 1973. Karatasi zake ziko katika Chuo Kikuu cha York, Uingereza. Na mwaka 2011 Serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha majalada yapatayo 8,800 yaliyohamishwa kutoka nchi 37 ilizozitawala, yakiwemo ya Tanganyika.

Wala si jambo la Waingereza peke yao. Watu wa Kilwa waliandika barua zamani sana. Mwaka 1711 na 1712 wakubwa wa Kilwa Kisiwani, wanawake kwa wanaume, walipeleka barua Msumbiji kwa herufi za Kiarabu, na baadhi ya maneno yao ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yanayojulikana. Barua hizo hazipo Kilwa. Ziko Goa, pwani ya Bara Hindi, kwa kuwa Wareno walitawala Msumbiji kutoka Goa, na Mreno aliyezipata aliziweka katika majalada yake. Kilwa iliandika, Goa ikatunza. Mwandishi wa barua zile hakufikiri hata siku moja kwamba mtu wa Kilwa wa miaka 300 baadaye atajua habari zake kwa hisani ya karani wa Kireno.

Nchi yetu imefanya juhudi zake. Idara ya Nyaraka za Taifa iliundwa baada ya Uhuru, ikatungiwa sheria mwaka 1965, nayo sheria hiyo ikafuatwa na nyingine ya mwaka 2002. Majalada mengi ya maboma, pamoja na ya Kilwa na Lindi, yaliokolewa kwa njia hiyo, na mwanafunzi aweza kuyasoma Dar es Salaam. Lakini hayo ni majalada ya Serikali, yaani sauti ya Bwana D.C. Sauti ya mkulima imo ndani yake pale tu Bwana D.C. alipopenda kuiandika.

Sauti ya mkulima ingepaswa kupatikana katika vyama vya ushirika, na hapa sina budi kusema la kusikitisha. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika nchini vilivunjwa kwa amri ya Serikali. Kazi ya kununua mazao ilipewa mamlaka za mazao, na kwetu ilikuwa mamlaka ya korosho. Vijiji vyenyewe vikahesabiwa kuwa ushirika. Mpaka sheria mpya ya mwaka 1982 iliporudisha vyama vikuu, ilikuwa imepita miaka 6. Katika miaka hiyo magari, maghala na mizani viligawanywa na kuandikwa, kwa sababu ni mali. Karatasi hazikuhesabiwa kuwa mali. Mimi mwenyewe niliingia katika ghala moja, ambalo sitalitaja jina, nikakuta madaftari ya mihtasari ya mikutano mikuu yamerundikwa pembeni chini ya magunia, nusu yake ni udongo wa mchwa. Nilifungua moja. Nilisoma jina la mwanachama, kilo zake, na deni ambalo chama kilikuwa kikidaiwa naye. Ukurasa wa pili ulikatika mkononi mwangu. Korosho zilizokusanywa nchini msimu wa 1973/74 zilikuwa tani 145,000 hivi, na msimu wa 1986/87 zilikuwa zimeshuka hadi kama tani 16,500. Wataalamu wamezieleza sababu zake, bei ndogo, ugonjwa wa ubwiri unga, watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao. Lakini aliyetaka kujua wakulima wenyewe walisema nini mkutanoni wakati mambo yale yalipoanza kuharibika, angekitafuta katika madaftari kama lile.

Kwa watu wa Kikole habari hizi hazihitaji mfano wa mbali. Misitu ya mpingo ya bara ya Kilwa ilivunwa miaka mingi na watu waliokuja na leseni kutoka kwingineko, na kijiji kikabaki na visiki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliruhusu kijiji kuwa na msitu wake, lakini kwa masharti: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, ramani ya mipaka, mpango wa usimamizi, sheria ndogo, na daftari la kila mti unaokatwa. Yote ni karatasi. Wazee wetu wengine walinung'unika kwamba msitu hauwi msitu kwa sababu ya daftari. Mwaka 2009, chini ya hati ya kikundi iliyosimamiwa na shirika la MCDI, misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha kwanza katika Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Mnunuzi wa mpingo anayetengeneza zumari na filimbi Ulaya hawezi kuja Kikole kukiona kisiki. Anachokiona ni karatasi, na kwa karatasi hiyo hukubali kwamba mti ule ulikatwa kwa haki.

Na mkulima anayepeleka ufuta au korosho katika ghala leo hupewa stakabadhi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2005 ambayo ilianza kutumika katika korosho msimu wa 2007/08. Wapo wanachama wanaoikunja stakabadhi hiyo na kuifunga katika pindo la kanga, na mnada ukichelewa, na malipo ya pili yakibishaniwa, huja ofisini na kipande kisichosomeka. Hapo karani hufungua daftari lake. Kama daftari lipo na limeandikwa vizuri, shauri limekwisha kwa dakika chache. Kama halipo, neno la mkulima hupambana na neno la mwenye ghala, nasi twajua la nani hushinda.

Halmashauri ya Chama Kikuu imejadili mara kadhaa mahali pa kuweka kumbukumbu za miaka hii 10. Wako wanaosema zipelekwe Dar es Salaam kwa usalama, na wako wanaosema kila chama cha msingi kibaki na zake. Maoni yangu ni kwamba nakala mbili ziandikwe tangu mwanzo, moja ikae kijijini, nyingine iende mbali, kama vile Creech Jones alivyotunza nakala ya kila barua aliyoipeleka. Kabati la chuma lisilopitisha mchwa si ghali kuliko tairi moja la lori. Tena viandikwe vitu ambavyo hatuvizoei kuviandika: jina la mwanachama aliyepinga azimio, na sababu aliyoitoa, swali lililoulizwa na mama aliyekaa nyuma, na jibu alilopewa, barua tuliyompelekea mbunge wetu, na tarehe aliyotujibu, au kwamba hakujibu.

Mihtasari yetu ya sasa huandika tu kwamba wajumbe walijadili na kukubaliana.